Moyo Uliobaki Mafigani

Margareth, mganga wa zahanati, aliweka kipimo kifuani mwa Epifania, akasikiliza, akakihamishia mgongoni, kisha akakitoa masikioni.

"Bibi, moyo wako haupo hapa."

"Najua," alisema Epifania. "Umebaki kule tulikotolewa."

Miguu yake ilikuwa imevimba, na pumzi ilimkatika hata akiwa ameketi. Margareth aligawa dawa. Vidonge vya kupunguza maji mwilini angemeza mwenyewe. Vya moyo vipelekwe moyo ulipo, kila asubuhi. Chumvi aache.

Kazi hiyo ilimwangukia mwanawe, Zenon, mwenyekiti wa kijiji kipya. Wakati wa Operesheni ya kuhamishia watu vijiji vipya, alianza kwa kubomoa nyumba ya mama yake, watu waone kwamba hapendelei mtu. Mama alikuwa ndani, anasonga ugali wa ulezi. Miti ya paa la nyumba hiyo ilitumika kupaulia ofisi ya kijiji.

"Mwenyekiti," Eustaki, mwanakijiji mwenzake, alimtania njiani, "sisi wenzako tulisahau majembe kule. Mama yako kasahau moyo!"

Moyo ulikuwa katikati ya mafiga, juu ya jivu, kando ya ukuta ulioliwa na mvua. Ulidunda taratibu. Zenon alipokanyaga kizingiti, ulianza kwenda mbio.

"Usiupe dawa ukiwa hivyo," Margareth alimwambia. "Kaa mpaka utulie."

Wiki ambayo Zenon alikwenda Sumbawanga mkutanoni, vidonge vilipelekwa na jirani, Marsiana. Moyo haukushtuka.

"Basi huo si ugonjwa," alisema Margareth. "Sina dawa yake."

Epifania aliomba arudishwe kule, akakae na moyo wake. Halmashauri ya kijiji ilijadili ombi hilo ofisini, chini ya paa la miti ileile, baada ya suala la mbolea. Akiruhusiwa mmoja, wengine watafuata. Zenon alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono kulikataa. Wajumbe wakamsamehe kazi za asubuhi za shamba la kijiji, kwa ajili ya moyo.

"Nipe mimi nipeleke, mwenyekiti," Marsiana alimwambia nje. "Mimi hauniogopi."

"Ni mama yangu," alijibu Zenon, akafunga vidonge kwenye leso.

Asubuhi alivua viatu mbali, akanyata. Moyo ulimtambua. Aliketi jivuni, akafungua leso, akasubiri. Jua lilipofika utosini vidonge vilikuwa vimelainika kwa jasho la kiganja chake, na moyo bado ulikuwa unakwenda mbio.