Kipimo cha Baba Mdogo

Kosa la kwanza binti alilifanya mwenyewe. Baba yake alikuwa amekufa bila kujua jina lao la ukoo lilitoka wapi, jambo aliloliuliza maisha yake yote, na binti akaona amtafutie jibu hata kama amechelewa. Akatuma mate yake maabara ya vinasaba. Majibu yakaja na ndugu wa mbali wa kila upande, ila kuhusu jina, kimya.

Kulikuwa na dereva mstaafu, mwenye jina hilohilo, aliyekusanya vipimo vya watu wa jina lao kutoka mji huu na ule. Binti alipompigia simu, mzee alicheka kwa upole.

"Mwanangu, ile alama tunayoifuata inatoka kwa baba kwenda kwa mtoto wa kiume, kama jina lenyewe. Wewe huna. Mtafute kaka yako."

Kaka hakuwa naye. Aliyebaki ni baba mdogo, fundi makochi, na hapo ndipo palipokuwa pagumu. Baba mdogo alizaliwa babu akiwa kazini mbali, na tangu utoto wake watu walinong'ona kwamba hakuwa wa nyumba ile. Shangazi, dada yao mkubwa, yeye hakunong'ona. Akikasirika alimwita "wa kuokota" mbele za watu. Akifurahi alimwita hivyohivyo, akasema ni utani.

Binti alimkuta karakanani amepiga goti mbele ya kochi lililovuliwa nguo, springi zikiwa nje, misumari midogo imepangwa kati ya midomo. Akamweleza yote, bila kuficha kitu.

"Kipimo changu kipo kulekule, baba mdogo. Watatulinganisha. Itaonekana kama wewe na baba mlichangia baba mmoja."

Fundi alipigilia msumari, akapigilia mwingine. Mdomo ukiwa na misumari, mtu hadaiwi jibu. Shangazi, aliyekuja kuulizia kiti chake, ndiye aliyejibu.

"Muache mwenzio na mashaka yake. Shaka ina nafuu kuliko karatasi."

"Dada, kiti chako bado," fundi alisema kwa pembe ya mdomo.

"Bado! Tangu kaka yuko hai ni bado!"

Binti alimtazama baba mdogo mabegani. Alikuwa na mabega ya baba, au ndivyo yeye alivyotaka kuyaona. Ghafla akaogopa. Alikuwa amempoteza mmoja, sasa amekuja na kijiti cha pamba kumtafutia mwingine sababu ya kuondoka. Akarudisha pakiti kwenye mkoba.

"Tuache, baba mdogo. Mimi wewe unanitosha hivi hivi."

Nyundo ikanyamaza. Fundi akatema misumari kiganjani.

"Kaka angetaka kujua?"

"Angetaka."

"Lete hicho kijiti."

"Inabidi usukutue kwanza, tusubiri kidogo. Mdomo mzima chuma."

Akasukutua. Wakakaa juu ya marobota ya sponji wakisubiri. Kisha baba mdogo akafumbua kinywa kama mtoto kwa daktari, na binti akamsugua ndani ya shavu.

Majibu yalipokuja, pamoja na maelezo ya mstaafu, binti alikwenda nayo karakanani kabla hajayafungua. Shangazi alikuwapo tena, safari hii bila kuulizia kiti. Binti akasoma kimoyomoyo, akarudia, kisha akaketi.

"Sema," baba mdogo alisema. "Nimezoea."

"Wewe ni baba yangu mdogo. Damu kamili. Baba mmoja, mama mmoja na baba yangu."

Fundi akageukia ukuta, akawa anapangusa patasi iliyokwisha kuwa safi.

"Kuna jingine," binti akaendelea. "Alama yako hailingani na watu wa jina letu, hata mmoja. Inalingana na watu wa jina jingine kabisa. Mstaafu anasema kwao husimuliwa kwamba babu yao alilea mtoto wa rafiki yake aliyefariki, akamwandikisha shule kwa jina lake mwenyewe. Anadhani mtoto huyo ndiye babu, baba yenu."

Baba mdogo akageuka taratibu, macho yamemlowa, na kicheko kimeanza kumpanda kutoka tumboni.

"Kwa hiyo tumeokotwa nyumba nzima!"

"Hata mimi?" shangazi aliuliza.

"Hata wewe, dada. Karibu. Sogea ukae, huku tuna nafasi."

Shangazi akataka kukasirika, ikashindikana. Akakaa kwenye sponji, akafunika uso kwa mtandio, na mabega yakatikisika. Kama ni kulia au kucheka, hakuna aliyemuuliza. Baadaye akasema kwa sauti ndogo, "Nilikuwa nakuonea, mdogo wangu."

"Ulikuwa unanionea, ndiyo."

Mstaafu alikuwa ametuma pia namba ya simu ya mtu wa lile jina jingine, seremala. Binti akapiga, akaweka sauti ya nje, kisha akamtazama baba mdogo. Hili lilikuwa swali la baba, na baba hakuwapo kusikia jibu lake.

"Naam, naongea na nani?" sauti iliuliza.

Baba mdogo akachukua simu mkononi mwake. Akajitaja jina lake lote, na la ukoo, lile walilopewa, bila kulimeza.

"Hunijui bado," akasema. "Mimi ni mdogo wake marehemu. Yeye ndiye aliyekuwa akiwatafuta. Una nafasi? Nikusimulie habari zake."