Mtu wa Ukurasa wa Kumi na Tisa

Jumanne moja ya mwaka wa arobaini na sita, Jumwa alikuwa barazani kwake Kisauni akisuka makuti, akaona kwamba yule mtu wa koti la kijivu hayumo tena kitabuni. Kitabu hicho cha picha kilikuwa cha mdogo wake Absalom, aliyerudi nacho kutoka vita vya Burma. Kilikuwa na mashujaa sita wenye nguo za kubana wanaoruka juu ya majumba, na kila ukurasa adui yao, huyo wa koti la kijivu, anawachungulia pembeni mwa ukuta. Absalom, mwenye Kiingereza cha jeshini, alikwisha kumweleza dadake kwamba adui huyo husafiri katika miaka kama watu wanavyosafiri kwenda Malindi, na kwamba ametokea mbele, ambako bado hakujafikiwa.

Sasa alikuwa amesimama kando ya mtungi.

"Shikamoo, hawe," akasema.

"Marahaba. Maji hayo, kata hiyo hapo."

Jumwa aliendelea kusuka, ila jicho hakulibandua. Hawe ni nyanya kwa Kigiriama, naye hakuwa na mjukuu. Binti yake Kache hata kuposwa alikuwa hajaposwa. Mtu anayekuita nyanya kabla hujapata mjukuu ana lake jambo.

Tena mtu huyo, alipokwisha kunywa, alikwenda moja kwa moja kwenye bikoni. Mwezi uliopita bwana mmoja wa kofia nyeupe alikuja na wapimaji, wakachimbia bikoni hizo, mawe manne ya mpaka, katikati ya minazi ya Jumwa, wakaenda zao bila hata kupiga hodi. Jumwa hakuhangaika. Minazi ile aliipanda marehemu mumewe, Kitsao, na Kisauni nzima ilijua. Serikali inayoandika mpaka mbwa isingeacha kuandika jambo linalojulikana na watu wote. Lakini mgeni alipochuchumaa, akasoma namba ya jiwe na kuiandika kiganjani kwa wino, Jumwa aliweka makuti chini.

"Wewe ni mtu wa kofia nyeupe," akamwambia.

"La, hawe. Mimi ni jambazi."

Alikuja siku nne mfululizo, Absalom akiwa kazini bandarini, na kila alasiri alirudi kitabuni. Aliketi kwenye kigoda, kitabu magotini, akiwapeleleza mashujaa. Wa mabawa hula saa sita kamili. Wa umeme hupenda kupigwa picha. Jumwa naye alimpeleleza yeye: viatu vyake havikuacha alama mchangani, na saa yake ilikuwa na mishale mingi mno kwa mtu mwaminifu.

Siku ya nne akasema wazi. Katika ukurasa wa kumi na tisa treni ingekatika breki, mashujaa wote sita wangeikimbilia, na ofisi wanayoilinda, yenye daftari kubwa la ardhi, ingebaki tupu dakika saba. Yeye angeingia achome karatasi moja tu, yenye namba ya bikoni zile.

"Jumatano ya kwanza baada ya mvua za mwakani watakuja kuwatoa hapa. Mama yangu ni Kache. Atanizaa njiani siku hiyohiyo."

"Jina la Kache hata kisimani unalisikia," Jumwa akasema.

Alimwogopa kwelikweli. Karatasi yenye namba ya minazi yake ndiyo yenye jina la Kitsao. Sasa mwizi anataka kuichoma, na bado anamwita nyanya. Mgeni alipokwisha kurudi kitabuni, Jumwa alifunua ukurasa, akaweka kidole kifuani kwa mkubwa wa mashujaa.

"Baba, samahani. Yuko nyuma ya ukuta. Anangoja mwende kwenye treni."

Kesho yake, katika ukurasa wa kumi na tisa, mashujaa watano walikwenda kwenye treni na mmoja akabaki. Mtu wa koti la kijivu alifungwa pingu. Katika picha ya mwisho daftari lilikuwa wazi mezani, na bwana wa kofia nyeupe akiwashukuru mashujaa kwa mikono miwili. Absalom alisogeza kitabu dirishani akasoma jina lililoandikwa kwenye daftari. Lilikuwa la bwana huyo.

"La Kitsao halimo?"

"Halimo, dada."

"Soma tena."

Akasoma tena. Jumwa aliona uchungu, akaona na haya, akafunika kitabu.

Kache aliolewa mwezi wa Agosti na Musyoka wa reli, na mvua zilipokatika akarudi kwa mamake kujifungua mimba ya kwanza, kama ilivyo desturi. Jumatano ile bwana wa kofia nyeupe alifika na askari. Minazi ilibaki, kwa kuwa sasa imo mchangani mwa bwana huyo. Makuti aliruhusiwa kuyachukua, basi Jumwa akalishusha paa lake, Absalom akalifunga mafungu.

Walikuwa hawajafika Junda Kache alipoketi kando ya njia. Jumwa alitandika makuti mawili, akampokea mtoto. Alikuwa wa kiume, kimya, akimtazama mtu kwa pembeni. Jumwa alimkunjua kiganja cha kulia, akasugua ile namba ya bikoni kwa maji na upindo wa leso. Wino haukutoka.

"Marahaba, mjukuu wangu," akasema, kisha akamkinga jua.