Mpira Uliogoma Kushuka

Asubuhi ya mashindano ya wazi kwa watu wote, Mzee Macho alikaa mahali pake, kwenye benchi la mbao chini ya paa la mapokezi ya klabu ya gofu, akawekewa chai na mto wa mgongoni. Kazi yake ilikuwa kuwatazama wachezaji wanapoingia. Hakuwa na haja ya kumwona mtu akipiga mpira. Alianzia viatuni, akapanda kwenye soksi, akapita kwenye mkanda, akafika kwenye glavu, na mwisho akaukagua mfuko wa fimbo. Akishamaliza alitaja daraja, na karani akaliandika kwa chaki ubaoni. Wa daraja la kwanza walianza mapema, majani yakiwa na umande na jua likiwa bado na adabu. Wa daraja la tatu walianza wakati ambao hata mijusi imeshakimbilia kivulini.

Utaratibu huo ulikuwa wa zamani, na hakuna aliyeusikia ukilalamikiwa, kwa sababu walalamikaji wote walikuwa daraja la tatu. Mtu wa daraja la tatu akipiga vizuri, ilisemwa ni bahati. Wa daraja la kwanza akipiga vibaya, ilisemwa ni upepo, na pigo lililochukuliwa na upepo halikuhesabiwa.

Daktari wa Meno aliingia na mfuko wa ngozi nyeupe. Kila fimbo ndani yake ilikuwa imevalishwa kofia ya sufu kama mtoto mchanga. Mzee Macho aliivua mojawapo, akaona uso wake mwenyewe kwenye chuma, na uso huo ukampendeza.

"Haina hata mkwaruzo," akasema. "Huyu anaheshimu mchezo. La kwanza."

Fundi Geti alikuja nyuma yake, akitokea mlango wa jikoni. Aliitwa hivyo kwa sababu alitengeneza mageti, likiwemo lile geti kubwa la mbele la klabu hiyohiyo, lenye maua ya chuma ambayo wageni hupenda kuyashikashika. Askari alimwambia kwamba geti la mbele ni la wenye mifuko. Alipomwonyesha mfuko wake, ulioshonwa kwa turubai la lori, askari alisema hakuwa na maana ya mfuko wa namna hiyo, akamwelekeza jikoni kwa upole.

Fimbo zake alizichomelea mwenyewe. Mpini ni bomba la maji, kichwa ni chuma cha springi ya gari. Katikati ya kila kichwa palikuwa na doa lililolika, dogo kama sarafu, mahali ambapo mpira ulikuwa umegonga tena na tena bila kwenda kushoto wala kulia. Mzee Macho alipagusa kwa kidole cha mwisho.

"Hizi zimechoka, mama."

"Zimechoka mahali pamoja tu, mzee wangu. Tazama."

"Nimeshatazama, ndiyo maana nikasema. Na hivi viatu?"

"Vya kazi."

"Kazi ya nini, kuzima mioto?"

Wenzake, benchi zima, wakacheka. Karani akaandika tatu kabla hajaambiwa.

Karakana ya Fundi Geti ilipakana na uwanja, ukuta mmoja tu katikati. Kwa miaka mingi mipira ya waungwana ilikuwa ikiruka ukuta na kumwangukia. Ilivunja kioo cha dirisha, ilitoboa ndoo, na siku moja ilimpata mteja kwenye goti. Hakuna aliyewahi kuja kuomba radhi. Kwanza aliirudisha kwa hasira, kwa kipande cha bomba. Baadaye aliirudisha kwa shabaha, kila mmoja kwenye shimo alilokuwa akiliona kutoka juu ya ngazi yake. Hasira haikumwisha. Ilijifunza kulenga tu.

Sasa macho yake yalikuwa yanaliwa na moto wa kuchomelea. Tabibu wa macho alikuwa amemwambia achague, ama aache moto ama aanze kuzoea fimbo ya kipofu. Zawadi ya mashindano ya wazi ilikuwa kikombe pamoja na nafasi ya kuwafundisha wanaoanza, kazi ya mchana na ya kivulini, isiyo na cheche. Mshindi angeichukua, au akiwa haitaki, angemtaja wa kumpa. Ndiyo maana akaja, akatukanwa, akanyamaza, akasubiri jua la daraja lake.

Alicheza vizuri. Benchi lilisema ana bahati kwenye shimo la kwanza, na bahati kwenye la pili, na walipofika katikati ya uwanja walichoka kusema wakawa wanaonyesha kwa mkono tu. Daktari alikuwa ametangulia. Upepo ulimwandama siku hiyo ingawa bendera zilikuwa zimelala, na baada ya mapigo ya upepo kuondolewa, yeye na Fundi Geti wakawa sawasawa, na likabaki shimo moja, la kuchezwa na wote wawili pamoja.

Kwenye shimo hilo la mwisho Daktari aliuzamisha mpira wake vichakani. Vijana wa uwanja walitafuta kwa matawi na kwa magoti, hawakuuona. Mtu mwingine angeambiwa umepotea, akaongezewa pigo la adhabu.

Kisha Fundi Geti akasimama. Akaweka mpira wake, aliokuwa ameutia tone la rangi nyekundu ya kuzuia kutu ili aujue, akapiga. Kila mtu aliusikia mlio wake, mlio mkavu, safi, kama mlango mzuri unapofungwa. Mpira ukapaa, ukavuka bonde, ukafika juu ya shimo, ukasimama.

Haukushuka. Ulikaa hewani kimo cha nguzo mbili za umeme, ukizunguka taratibu kama kitu kinachofikiri. Wahudumu waliendelea kugawa chai. Kapteni wa klabu, ambaye ndiye aliyekuwa mwamuzi, alikuja akikinga jua kwa mkono.

"Umekwama," akasema.

"Kwenye nini?"

"Hilo si la kuniuliza mimi. Kanuni inasema mpira ambao haujatua uko mchezoni, na mwenye mpira haondoki uwanjani mpaka utue. Ukiondoka, umejitoa."

"Na Daktari?"

"Wa Daktari haujapotea. Haujaonekana. Hayo ni mambo mawili."

"Basi naye anakaa hapa na mimi."

"Akae afanye nini? Ana wagonjwa."

"Na mimi nina mageti."

Kapteni akavitazama vile viatu vya kazi. "Mageti hayaumwi, mama."

Basi Fundi Geti akakaa. Alikalia kigoda chake, akavaa barakoa yake ya kuchomelea, maana kioo chake cheusi ndicho pekee kilichomwezesha kuutazama mpira bila kuumizwa na jua. Mvua zilikuja zikamkuta hapo, zikaondoka zikamwacha hapo. Wateja wake walimvumilia kwanza, kisha wakatafuta fundi mwingine. Shangazi yake ndiye aliyemletea chakula, naye kila akifika aliinua uso na kuusema ule mpira.

"Teremka basi, mjinga wewe! Unamwonea nani?" Kisha akamgeukia mwenyewe. "Na wewe mwanangu, kwani hukuweza kupiga kama watu?"

"Nilipiga vizuri, Shangazi."

"Hiyo ndiyo shida. Ungepiga vibaya tungekuwa nyumbani tumelala."

"Shangazi."

"Nyamaza ule. Tena vua hilo sufuria usoni, unanitia hofu."

Klabu iliuzoea mpira haraka. Wachezaji waliutumia kulengea. Ndege mmoja alijaribu kutaga juu yake, akaona unateleza. Kapteni aliagiza kofia mpya zenye picha ya mpira ulio hewani, na maharusi walikuja kupigwa picha chini yake. Mpiga picha alimwomba Fundi Geti asogee, kwa sababu barakoa ilikuwa inawaharibia kumbukumbu. Akasogea. Wapo waliompita kila siku wakimjadili fundi mmoja wa zamani aliyewahi kuupiga, wakijiuliza alipotelea wapi.

Mpira ulishuka siku ya mapumziko, watu wakiwa mezani. Ulishuka polepole, kama ndoo inavyoteremshwa kisimani, ukaingia shimoni katikati kabisa bila kugusa ukingo. Fundi Geti alivua barakoa. Alisimama wima, magoti yakalia, akatembea hadi shimoni, na Kapteni akamwambia asiguse.

Aliitwa Mzee Macho. Alikuja na mto wake. Mpira ulitolewa ukawekwa kwenye kitambaa cha meza, akauzungusha, akautazama kama anavyotazama viatu.

"Mpira safi," akasema. "Ngozi imetulia. Umekaa juu muda wote huu bila kuyumba. Huu si mpira wa mtu wa mabomba."

"Mmeniona nikiupiga," alisema Fundi Geti. "Wote. Na wewe mzee ulikuwa hapohapo, umeshika kikombe."

"Tumeuona ukipanda," Kapteni akajibu. "Kupanda ni bahati, mama. Kushuka ndani ya shimo ndiyo kazi."

"Na ni nani mwingine mwenye mpira kwenye shimo hili?"

Aliuliza kwa kejeli, lakini benchi lilichukua kama swali la kweli, likaanza kufikiri. Mzee Macho ndiye aliyekumbuka. Daktari alikuwa na mpira ambao haujaonekana, kwenye shimo hilihili, siku ileile. Sasa umeonekana. Watu wakashusha pumzi, kwa sababu jambo lililowasumbua kwa muda lilikuwa limejipanga lenyewe.

Daktari aliitwa kutoka mezani, leso ingali shingoni.

"Wangu nadhani ulikuwa wa manjano," akasema.

"Umepauka," Mzee Macho akamjibu. "Jua la huko juu si mchezo."

Daktari akafikiri kidogo. "Kweli," akasema. "Nakumbuka nilipoupiga nilihisi ni pigo zuri."

"Na hilo tone?" Fundi Geti akauliza. Sauti yake sasa ilikuwa imeshuka, na waliomjua wangerudi nyuma hatua moja. "Hiyo ni rangi ya mageti. Mkono wangu huu hapa, unayo hata leo. Hebu linganisheni."

Mzee Macho akalisogeza tone karibu na jicho lake. "Ni uchafu," akasema. "Umeguswa na uchafu wa nje ya ukuta."

Rangi ya kuzuia kutu haitoki kwa maji. Walijaribu leso, wakajaribu chai ya moto, mwishowe Kapteni akaikwangua kwa kisu cha siagi mpaka ikatoka pamoja na ngozi kidogo ya mpira. Vumbi jekundu likabaki kwenye kitambaa cheupe. Mhudumu akalikung'utia chini.

"Sasa mnaona," Mzee Macho akasema. "Ulikuwa safi muda wote."

Daktari alipewa kikombe. Mpira ulitiwa ndani ya kabati la kioo. Nafasi ya kufundisha, kwa kuwa yeye hakuwa na haja nayo, alisema apewe shemeji yake, ambaye hakuwahi kucheza lakini alikuwa na mfuko mweupe wa duka lilelile. Fundi Geti aliambiwa kwamba anaruhusiwa kuondoka uwanjani, na kwamba, maadamu yupo, bawaba za geti la mbele zimeanza kulia. Akitaka kuja kuzitazama, apitie jikoni.

Alirudi karakana. Shangazi alikuwa ameshafagia, akakaa kwenye kizingiti na ufagio mapajani.

"Nilikwambia nini?"

"Hukuniambia kitu, Shangazi."

"Basi ningekwambia." Akamtazama usoni. "Unaniona?"

"Nakuona kama uko nyuma ya maziwa."

Shangazi akainuka, akaanza kufagia tena pale alipokwisha fagia.

Fundi Geti alirudi kwenye moto, kwa kuwa hakuna kingine kilichomngoja. Moto ukaendelea kumla. Siku alipochomelea mkono wake mwenyewe kwa kudhani ni bawaba, alizima mashine. Akamwomba Shangazi amletee ndoo zote za mipira, ile iliyoruka ukuta miaka yote akawa hajairudisha, nayo ilikuwa mingi kupita inavyofaa kusema. Akachagua fimbo iliyolika kuliko zote. Akapapasa kila mpira, akautia tone la rangi kwa kidole, akaupiga kuelekea upande ambao ukuta ulikuwa ukimrudishia mwangwi. Shangazi alimpangia mipira na kumtukania watu.

"Huu wa yule wa mto."

Mlio ule mkavu, safi.

"Huu wa mwenye kisu cha siagi. Huu wa karani, aliyeandika kabla ya kuambiwa. Piga, mwanangu. Huu wa mpiga picha. Hapana, huyo mpe miwili."

"Unauona?"

"Nauona. Umesimama."

"Na ule mwingine?"

"Nao umesimama."

Ndoo zikaisha. Hakuna mpira hata mmoja ulioshuka.

Iko hapo hadi leo. Anga ya klabu imejaa mipira myeupe yenye tone jekundu, imesimama juu ya kila shimo, juu ya mapokezi, juu ya maegesho ya magari, na mingine juu kabisa ya lile benchi. Asubuhi vivuli vyake huyapaka majani madoa kama ya chui. Wanachama wanajua kwamba mpira uliopigwa, iko siku hushuka, na walipokutana kulijadili hilo hakuna aliyependekeza kumwita aliyeipiga. Walikubaliana kununua miavuli.

Ni miavuli mizuri, ya kitambaa kizito na mipini ya mbao. Watu huja nayo kila siku, hata jua likiwa limefunikwa, na hucheza wakiwa wameishika kwa mkono mmoja, kwa hiyo wanapiga vibaya kuliko zamani, na upepo una kazi nyingi. Wasio na mwavuli hawaruhusiwi kupita geti la mbele, ambalo bawaba zake bado zinalia. Mzee Macho naye amebadilisha utaratibu wake. Haanzii tena viatuni. Anasema siku hizi mchezaji hasa unamjua kwa mwavuli.