Mmoja Wetu, Mahali Fulani Mwilini

Kanisani kwetu, Walutheri wa Halvorsby, mji mdogo wa Marekani, ukitaka kulishwa ukiwa mgonjwa lazima mchungaji akutaje Jumapili. Hatubishi hodi kwa mtu bila kutangaziwa, tunaona haya. Ila ukishatajwa, jioni hiyohiyo wanakuja na viazi na nyama vya kuoka, jeli ya kijani yenye karoti, na mtu wa kupiga naye soga.

Basi Ardis Kvamme, mjane anayeishi peke yake, akabadilishwa nyonga. Akanipigia mimi, katibu wa kanisa. "Loretta mwenzangu, nitajeni. Nyumba imenyamaza mpaka nasikia friji ikihema."

Kumbe ofisini walikuwepo wazee wa kanisa wawili, Curtis na dada yake Darlene, wote wanasheria. Curtis alistaafu serikali ya shirikisho kule Washington. Darlene yuko serikali ya jimbo.

"Hizo ni habari za afya," Darlene akasema. "Sheria ya jimbo inataka ridhaa ya maandishi."

"Sheria ya shirikisho ni ya hospitali na bima, hailigusi kanisa. Loretta, weka jina."

"Hiyo yenu inaruhusu jimbo kuwa kali zaidi, kaka. Darasani ulisinzia?"

"Basi nimpelekee Ardis fomu asaini, yaishe," nikasema.

Curtis akagoma. Eti kusaini ni kukiri kwamba jimbo lina mamlaka humu kanisani. Nilitamani kuwachapa na kitabu cha nyimbo, wote wawili.

Jumapili mchungaji wetu, mwoga wa kesi, akasoma: "Tumwombee mmoja wetu, aliyefanyiwa jambo fulani, mahali fulani mwilini."

Kanisa zima likamgeukia Orville Stade, mkulima kapera, aliyekuwa amekaa upandeupande kwa sababu benchi lake lina msumari. Jioni friji yake ilikataa kufungika. Hakuna aliyemuuliza anaumwa nini, si adabu. Naye kukataa chakula cha watu si adabu, akashukuru akala.

Jumatatu nilimkuta Ardis amevaa sweta yake nzuri, kahawa ya jana bado mezani. "Wamenichoka," akasema. Iliniuma sana. Nikamweleza upuuzi wote.

Jumapili iliyofuata akaingia na fremu yake ya kutembelea, akasimama kabla mchungaji hajafungua kinywa. "Ni nyonga. Ya kushoto. Siwezi kujivalisha soksi, na usiku nalia. Mwenye sheria anishtaki."

"Mwenyewe akisema, inaruhusiwa," Darlene akasema.

"Kwa sheria ipi?" Curtis akauliza.

"Nyamazeni," Ardis akasema. "Soksi imeshuka, na mguu una baridi."

Darlene akainama kuipandisha. Curtis akaishika fremu isiteleze. Ardis akaanza kulia palepale, mbele ya watu wote. Sisi hatuna desturi ya kulia kanisani, hatukujua hata pa kutazama. Tukamwendea hivyohivyo.