Upande wa Nyuma wa Jua

Mwaka wa 1974 mume wangu Kivuva alikuwa akiziba pancha za malori hapa Kambu, kando ya barabara ya Mombasa, lakini mawazo yake yalikuwa juu angani. Dereva mmoja alimwachia gazeti kuukuu la ng'ambo lililosema kwamba anayependa mambo ya nyota aandike barua, atatumiwa picha kubwa ya jua na sayari zake, bure. Nikamwambia rahisi huwa ghali, sembuse bure. Akaandika.

Picha ilifika baada ya miezi minane. Kivuva aliikunjua kitandani, akaona jua na sayari zimejipanga, na mara lori likapiga honi barabarani. Akatoka mbio. Mimi, kwa wema wangu wa kijinga, nikataka kumfurahisha. Nikakoroga uji mzito wa unga, ule tunaobandikia magazeti ukutani, nikaupaka mgongo wa picha na kuibandika ukutani, juu ya meza.

Aliporudi alicheka kwa furaha. Kisha akauliza, "Mama Ndolo, huko nyuma hakukuwa na kitu?"

Kulikuwa. Mwezi mkubwa wenye makovu, na maandishi mengi, na mimi sijui kusoma. Kivuva alijaribu kubandua pembe moja, ikachanika, akaacha. Hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniuma.

Kesho yake, saa ya chai, mwanga wa dirishani ukiiangukia ile picha, alisema, "Niambie tena vile uliona." Nikamwambia mwezi. Siku ya tatu mwezi ukaisha, lakini macho yake yalikuwa bado yananingoja, nikaona haya kumpa kikombe kitupu. Nikasema kulikuwa na nyota ndogo iliyotoroka kwao ikaolewa mbali. Baadaye nikaongeza barabara nyeupe, ndefu kuliko hii ya Mombasa, ambayo vumbi lake linang'aa na anayeipita hachoki. Kivuva alisikiliza mpaka chai ikapoa. Miaka miwili nilimdanganya hivyo, na sijawahi kuwa na raha kama ile.

Kisha mchwa wakapanda ukutani wakala jua.

"Si neno," Kivuva akasema. "Nishaandika barua. Wataleta ingine, ni bure."

Nilikosa usingizi. Picha ile ile, mgongo ule ule, na yeye anajua kusoma! Nilijiona nikirudi kuwa mke wa kumtilia chai tu. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu ilikuwa inakuja kwa posta.

Ilifika Jumamosi. Aliikunjua mezani, upande wa jua ukiwa juu, akazibana pembe zake kwa vikombe. Mkono wake ukashika ukingo wa karatasi. Nikangoja aigeuze.

"Pika uji," akasema. "Ubandike wewe. Mimi niko hapo nje."

Akatoka, akafunga mlango. Nikaigeuza peke yangu. Mwezi, makovu, maandishi. Hakuna nyota iliyoolewa, hakuna barabara. Nikapaka uji kila mahali, mpaka pembeni, huku nikilia. Nilimpenda siku ile kuliko siku ya harusi.

"Umemaliza?" akauliza kutoka nje.

"Nimemaliza."

Akaingia, akavuta kiti. Hakulitazama jua. Alinitazama mimi.

"Haya, Mama Ndolo. Leo umeona nini ingine?"