Nyumba Kumi na Moja za Ukurasa wa Nne

Mkaguzi wa maktaba alikuwa ameshatoka darasa la tatu. Viatu vyake vilisikika koridoni, ko, ko, ko, na Mwalimu Picha alijua kwamba sasa ni zamu yake.

Jina hilo walimbandika walimu wenzake, kwa mzaha wenye mwiba ndani yake, kwa kuwa aliwafundisha watoto wa miaka kumi jiografia na historia kwa vitabu vya picha. "Mwenzetu analea chekechea," walisema. Waache waseme. Watoto waliokuwa wakisinzia somo la mito likianza, sasa waligombania kitabu, wakakikimbiza dirishani kulinganisha kilima cha kwenye picha na kilima chenyewe.

Vitabu vilikuwa thelathini, ndani ya kasha la bati, vya kuazima kutoka maktaba. Sharti lilikuwa moja, na mwalimu mkuu alikuwa amelirudia hadi likachosha masikio: kitabu kimoja tu kikichorwachorwa, kasha zima linarudi.

Na kitabu kimoja kilikuwa kimechorwa.

Kosa lilikuwa la mwalimu mwenyewe. Kila Ijumaa watoto waliondoka na vitabu pamoja na swali la kumuuliza mtu mzima nyumbani: picha hii inakosa nini? Yeye alitaka majibu ya mdomo. Lakini bibi yake Chiriku, yule binti wa dawati la mbele aliyepewa jina hilo kwa sababu mdomo wake haukupoa, hakuwa mtu wa maneno mengi. Ukurasa wa nne ulionyesha mahali ilipo stesheni ya reli. Palichorwa nyasi na swala wawili, na chini yake pakaandikwa: Zamani, kabla ya reli, hapa palikuwa pori tupu. Bibi alichukua kalamu ya wino akajaza kilichokosekana: nyumba kumi na moja, kisima, na njia ya kwenda mtoni.

Jumatatu Chiriku alikirudisha kifua mbele. "Mwalimu, bibi amezaliwa hapa, nyumba ya tatu! Wote walihamishwa reli ilipokuja!" Mwalimu akasifu, darasa likapiga makofi.

Leo asubuhi, kabla ya kengele, mwalimu huyohuyo alijifungia darasani, akakata karatasi, akaipaka rangi ya nyasi, akaibandika juu ya nyumba zote. Gundi aliipaka pembeni tu. Mkono ulikataa kufika katikati. Alijiambia anafanya hivyo kwa ajili ya watoto. Hata hivyo aliona aibu, akaangalia mlango mara mbili kama mdokozi wa sukari.

"Shikamoo mkaguzi!" darasa liliimba.

"Marahaba. Kaeni."

Akaanza kukagua, kitabu kimoja kimoja, ukurasa kwa ukurasa, akilowesha kidole gumba ulimini. Mwalimu alihesabu naye kimoyomoyo. Ishirini na nane. Ishirini na tisa. Cha thelathini kilikuwa chenyewe. Kidole kilifika ukurasa wa nne, kikasita, kikapita. Mkaguzi akakiweka juu ya vingine, na mwalimu akapumua kwa mara ya kwanza tangu alfajiri.

"Safi," mkaguzi alisema. "Sasa nisikie mtoto mmoja akisoma." Akachukua kitabu cha juu, akampa mtoto wa karibu. "Soma popote unapopenda."

Chiriku alifungua ukurasa wa nne. Angefungua upi mwingine?

"Zamani, kabla ya reli, hapa palikuwa..."

Akanyamaza. Kidole chake kilipapasa nyasi zile za karatasi, kutoka pembe moja hadi nyingine. Kisha akamtazama mwalimu wake.

"Endelea," mkaguzi alisema.

"Palikuwa..."

"Mwalimu, huyu hajui kusoma?"

"Anajua."

"Mbona kimya?"

Jibu lilikuwa tayari ulimini: ana haya mbele ya wageni. Mkaguzi angeitikia kwa kichwa, angetia sahihi, na kasha lingebaki. Lakini darasa zima lilijua kuwa Chiriku huongea hata na ukuta, na darasa zima lilikuwa likimtazama mwalimu. Mwenye kulaumiwa alikuwa mmoja tu mle ndani, naye alikuwa ameshika chaki.

Akaenda kwenye dawati, akaingiza ukucha chini ya karatasi, akaibandua yote.

"Nimeziziba mimi, mkaguzi. Bibi yake alizichora kwa sababu zilikuwepo. Nilimwomba aseme picha inakosa nini, naye akasema."

Mkaguzi aliinama, akaangalia muda mrefu.

"Sharti unalijua, mwalimu."

"Nalijua."

Akavipanga vitabu ndani ya kasha, ishirini na tisa, akafunga kufuli. Mtoto mmoja nyuma alianza kulia. Mwalimu alijiuma mdomo asilie naye. Kisha mkaguzi akafungua daftari lake, akapiga mstari mmoja kwa rula.

"Kitabu kilichoharibika kinafutwa kwenye orodha," alisema, akikiacha kitabu pale pale dawatini. "Mimi nabeba vilivyomo kwenye orodha tu."

Viatu vikaondoka na kasha, ko, ko, ko, hadi koridoni kukawa kimya.

Mwalimu akainama kando ya dawati. "Chiriku, mwanangu," alisema, "nimemkosea bibi yako."

Chiriku alikuwa bado ameshika ukurasa wa nne. Akafuta masalia ya gundi kwa mkono wa shati, taratibu, asiguse wino. Kisha akasimama, akakohoa kidogo, akasoma kwa sauti ya kufika barabarani:

"Zamani, kabla ya reli, hapa palikuwa na nyumba kumi na moja."