Wifi ya Siku ya Dot

Kitenge, Émerance alikijua kwa kukisugua kati ya vidole viwili. Samaki wa Kilwa aliwajua kwa pua, na mteja msumbufu alimjua tangu salamu. Lakini routeur, kile kisanduku cha kutoa wifi nyumbani, utakijuaje? Alikigeuza juu, akakigeuza chini, akakigonga kwa ukucha na kukitegea sikio.

"Mama, ile haina pastèque," alisema Mardochée, mwenye duka, kana kwamba amemwona anachagua tikiti maji.

"Nyamaza, mutoto yangu. Miye ninauzisha bitenge miaka makumi mbili. Kitu ikiwa nyepesi hivi, iko mutu wanamudanganya."

Graciella, binti yake, alijifanya anatazama barabara. Walikuwa katikati ya mji wa Lubumbashi, Jumatano mchana, na foleni nyuma yao ilikuwa imeanza kuguna. Émerance hakuijali. Mwenye haraka aende akanunue beignets, maandazi ya barabarani.

Mardochée alikuwa na aina tatu. Ya kwanza ndogo, ya kuweka mfukoni. Ya pili ilikuja na sahani ya kufunga juu ya paa, na Émerance alipoisikia bei yake alicheka mpaka akatafuta kiti. Ya tatu ilikuwa kisanduku cheupe chenye antena zilizosimama kama pembe, cha kuingizia carte SIM kama simu. Sasa jirani yake Exaucée alikuwa amemfundisha kabla hajatoka nyumbani: wewe hesabu pembe tu, yenye pembe nyingi ndiyo inavuta. Basi Émerance akahesabu pembe. Nne! Akafungua pochi.

"Mama, pembe tuweke kando," Mardochée akasema. "Kwenu, réseau gani iko na nguvu? Hujui? Basi usinunue leo. Rudia ku nyumba, zunguka na telefone ya kila kampuni, uangalie ni fasi gani barre zinajaa. Kisha ukuye."

Muuzaji anayekataa pesa! Miaka yote sokoni Émerance hakuwahi kumwona wa namna hiyo. Akamwamini palepale.

Maana hii haikuwa wifi ya kutazamia tamthilia. Mwezi wa kwanza mume wake, Paluku, alikuwa amekwenda Goma, wiki mbili tu, kuangalia depo yao ya bitenge ya kule. Wiki ya pili mji ukaanguka mikononi mwa waasi. Uwanja wa ndege ukafungwa, benki zikafungwa, barabara zikakatika, na simu ya Paluku ikanyamaza siku ishirini na mbili. Ishirini na mbili, jamani! Mchana Émerance aliuza bitenge na kutaniana na wateja, na kila alipopata nafasi aliipiga ile namba, mpaka akamchukia kama mke mwenza yule mwanamke wa kwenye mashine anayesema mteja hapatikani. Siku ya ishirini na tatu sauti ikaingia: "Mama Graciella, niko muzima. Usilie, unamaliza unité zangu za telefone."

Mzima alikuwa mzima, lakini njia ya kutoka hakuna. Na huku Lubumbashi dot ya Graciella, sherehe ya mahari, ilikuwa imeahirishwa mara mbili kwa kumngojea. Mchumba mwenyewe, Paulin Mujinga, kijana wa watu wa Kasaï, hakulalamika. Aliyelalamika ni baba yake mkubwa, Mzee Antoine, mwalimu mstaafu aliyeongea na kila mtu kana kwamba ameanguka mtihani wa imla, ile dictée.

"Kuahirisha mara ya tatu, sisi tunaita kukatala," alisema. "Fanyeni siku ya posho. Na miye ninataka kumuona baba ya mutoto na macho yangu, anakunywa. Sauti mu telefone haikunywake."

Na mzee alikuwa na haki. Siku ya dot binti humpa baba yake glasi mbele ya wakwe. Baba humuuliza mara tatu: nikunywe? Akinywa, binti ametolewa. Akiirudisha glasi imejaa, wageni huwafungua mbuzi wao na kurudi walikotoka. Na hakuna anayenywa mahali pa baba aliye hai. Kwa hiyo Jumamosi, hiyo siku ya posho, saa nne asubuhi Paluku alitakiwa anywe akiwa Goma, aonekane Lubumbashi, na picha isikatike. Kwa simu tupu walishajaribu: dakika tatu mega za internet zikaisha, na baba akabaki paji la uso peke yake.

Jioni ile Graciella na Exaucée wakazunguka nyumba na simu tatu za kuazima, mikono juu, kama watu wanaotafuta mahali pa kupachika picha. Uani, barre, vile vistari vya mtandao, hakuna. Sebuleni moja. Chumbani kwa Émerance, kando ya dirisha, kampuni moja ikajaa barre zote, na Exaucée akapiga kelele mpaka mbwa wa jirani akajibu.

Alhamisi wakarudi mjini na jibu lao. Mardochée akawapa kisanduku cha pembe mbili tu, pamoja na betri ndogo ya kukishikilia courant ikikatika, maana umeme wa Bel-Air, mtaani kwao, una tabia zake. Nyumbani Graciella akakaa kitandani, akaingiza carte SIM, akangoja taa nyekundu igeuke bluu, akafungua ukurasa kwenye simu yake. Kumbe kisanduku kilikuja na jina lake na neno lake la siri, limeandikwa chini ya tumbo.

"Ni siri gani imeandikwa kwa tumbo?" Émerance alishangaa. "Badilisha!"

Wakabadilisha. Jina la wifi likawa PALUKU GOMA, herufi kubwa. Neno la siri Émerance alilichagua mwenyewe na kuapa kwamba hata pasteur hatalijua. Kabla jua halijazama, majirani watano ambao hawakumsalimia tangu Noeli walikuwa wamepita kumuuliza hali ya afya yake. Afya ilikuwa nzuri, aksanti, na neno la siri hakulitoa.

Ijumaa wakajaribu. Paluku akatokea mzima mzima, kichwa na mabega, anatembea, anageuka, hakwami. Ndevu zimemjaa.

"Nimekonda?" akauliza.

"Umefanana na mbuzi ya dot."

Wakacheka wote wawili, yeye huku na yeye kule, na Émerance akajisikia mwepesi kama hajawahi kuwa tangu mwaka uanze. Alifurahi, basi. Alipika sombe, majani ya muhogo, anaimba.

Jumamosi wakaja wakwe thelathini. Uani kulikuwa na hema, viti vya kukodi, mbuzi wamefungwa ukutani wanatafuna mapambo. Routeur ilikuwa chumbani, juu ya kigoda karibu na dirisha, inapiga wifi mpaka uani. Graciella aliisimamisha simu juu ya meza mbele ya Mzee Antoine, na saa nne kamili Paluku akatokea amevaa koti la kuazima, mbele yake glasi ya sucré, soda nyekundu. Wazungumzaji wakazungumza. Walizungumza sana. Hatimaye Graciella akapiga magoti mbele ya simu, na kule Goma Paluku akaishika glasi.

"Mwanangu, nikunywe?"

"Kunywa, papa."

Ndipo Émerance, kwa pembe ya jicho, akamwona tantine mmoja, shangazi wa Paulin, akiingia ndani kutafuta choo. Korido ileile. Mlango wa chumba uko wazi. Kigoda, kisanduku kipya, watu thelathini! Mtu aliyekulia katika biashara ya Butembo na Goma, aliyeona depo zikivunjwa mara mbili, amejifunza jambo moja: kitu cha thamani kinalala ndani ya chuma. Émerance akajipenyeza, akakimbia chumbani, akakibeba kisanduku pamoja na betri yake, akakiingiza ndani ya armoire, kabati lake la chuma, juu ya nguo, akafunga mlango, akazungusha ufunguo mara mbili na kuutia ndani ya blauzi. Kitu kwa usalama! Akarudi anatembea kwa madaha, akakaa.

"Mara ya tatu, mwanangu. Nikunywe?"

"Kunywa, papa."

Paluku akainua glasi. Ikapita kifua, ikafika kidevuni. Ikasimama.

Watu wakangoja. Glasi haikusogea. Mdomo wa Paluku ulikuwa umefunguka nusu, macho yametazama pembeni, kama mtu aliyekumbuka jambo. Mbuzi mmoja akalia. Mzee Antoine akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akaisogelea simu mpaka pua ikakaribia kugusa kioo.

"Hakunywe," akatangaza. "Bantu yangu, munaona? Baba anakatala."

Weee! Uani ukavurugika. Tantine wa Kasaï wakaanza kufunga vitenge viunoni, na Paulin, maskini, akasimama, akakaa, akasimama. Émerance hata hakuwasikia. Alikuwa anaitazama ile picha iliyoganda. Goma imenyamaza tena. Siku ishirini na mbili nyingine, au mwezi, au moja kwa moja.

"Mama." Graciella alikuwa ameichukua simu na anaipekua. "Hapana, haina Goma. Ni wifi yetu njo imepotea. Routeur iko wapi?"

"Iko salama."

"Salama wapi?"

"Mu armoire."

"Ile ya chuma?"

"Sasa nitaweka mu armoire ya karatasi?"

"Mama! Chuma inafungia wifi mule ndani! Kuya, fungula mbio!"

Furaha ikampanda Émerance mpaka machozi: Goma haijanyamaza! Akainuka haraka. Mlangoni mwa chumba akasimama, mkono kwenye blauzi. Alikuwa amekumbuka kile kisanduku amekikalisha juu ya nguo gani.

"Toka kwanza," akamwambia Graciella. "Nitafungula mwenyewe."

"Mama, banaenda na mbuzi!"

Akafungua. Graciella akapitisha mkono haraka, akakivuta kisanduku kwa waya wa betri, na pamoja nacho vikaja vitenge, vikamwagika sakafuni miguuni pao. Vyeusi. Vipya, vimekunjwa, karatasi za kiwanda bado zimebandikwa. Kimoja, viwili, vitano, vyote.

Siku ya kumi na tisa ya ule ukimya Émerance alivitoa mwenyewe kwenye depo yao ya Lubumbashi, akavitia ndani ya mfuko wa plastiki, akavibeba kichwani mpaka nyumbani. Mjane anahitaji nguo, na watoto wa mjane, na ndugu. Hakumwambia mtu. Na sauti iliporudi hakujua avipeleke wapi, akavifungia.

Graciella alivitazama vitenge, akamtazama mama yake. Alimshika mkono tu, na katika mkono wake wa pili simu ikafufuka.

"Allô? Allô? Munanisikia? Miye bado na glasi huku..." Paluku akaishusha glasi. Simu ilikuwa inatazama sakafu na vile vitenge.

Kutoka uani Mzee Antoine akaita, "Anakatala ao hakatale?"

"Nipeleke inje, mwanangu," Paluku akasema polepole.

Wakampeleka nje. Routeur ikarudi juu ya kigoda, armoire ikabaki wazi, nani anajali. Paluku aliomba radhi kwa wakwe, akamuuliza binti yake upya, mara tatu kamili, asije mwalimu akapata la kusahihisha. Kisha akainywa ile sucré mpaka tone la mwisho na kuigeuza glasi juu chini mbele ya kamera. Vigelegele vikapasua hema. Mzee Antoine akasimama wima. "Nimeona," akasema, na akampa Paulin ruhusa ya kutabasamu.

Watu walipoanza kula, Émerance akaichukua simu na kuingia nayo chumbani. Akakaa chini, kati ya vile vitenge, kwa sababu hakuwa bado amepata nguvu ya kuviokota.

"Ni ngapi?" Paluku akauliza.

"Kumi na mbili."

"Yote juu yangu?"

"Yote."

Paluku akajikuna ndevu. "Eh, Mama Graciella. Sikujuaka kama iko mutu anaweza kunilia en gros, bei ya jumla."

Émerance akaanza kucheka, na kicheko kikamgeukia njiani kikawa kilio, kilio chote cha zile siku ishirini na mbili, huku nje ngoma inapigwa. Paluku alimngoja. Safari hii hakusema habari za unité.

"Rudisha ile nguo ku depo," akasema mwishoni. "Uzisha. Nyeusi inaendaka mbio."

"Siuzishe."

"Juu ya nini?"

"Utaiuzisha weye," Émerance akasema. "Kuya uiuzishe weye mwenyewe."